Kuagiza vyombo Kariakoo ukiwa Kigoma: inalipa?

Mkuu, umeuliza kama kuagiza vyombo Kariakoo kwa katalogi za WhatsApp kuna nafuu kuliko kununua hapa Mwanga, mjini Kigoma. Ipo, ila kwa bei ya jumla tu. Ukiagiza kimoja kimoja, nauli ya mzigo inameza punguzo lote. Tafuteni majirani wawili watatu, mchukue dazeni mgawane.

Sufuria ndizo zinalipa zaidi kwa sababu zinaingiana, seti nzima inakaa kwenye boksi moja. Hapo usidanganywe na picha: mwambie muuzaji aweke seti kwenye mzani akupigie picha namba ikionekana. Nyepesi sana ujue ni bati tupu, itabonyea kwenye kugonga mwiko. Hotipoti kubwa ni nyepesi lakini zinakula nafasi, kwenye basi watakuchaji kwa ukubwa. Glasi na sahani za udongo nunua hapahapa, Dar ni mbali.

Mashuka uliza futi na aina ya kitambaa. Malipo, omba lipa namba, yaani namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu. Jina likija tofauti na la duka, achana na muuzaji huyo. Na picha ya risiti ya mzigo atume siku hiyohiyo.