Wasiigize, wasome hati

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama wanafunzi waigize wafungwa na walinzi wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, ili waelewe mauaji ya Wayahudi. Hapana, tafadhali. Hata Yad Vashem, kituo cha Israeli cha kumbukumbu ya mauaji hayo, huwashauri walimu waepuke maigizo hayo. Mtoto ataumia, au atauona mchezo tu.

Wape kumbukumbu za kikao cha Wannsee, Berlin, Januari 20, 1942, ambapo Wanazi walipanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Maofisa 15, kadhaa wana udaktari wa sheria. Ndani mna jedwali la nchi na idadi ya Wayahudi wa kila nchi, hadi Albania: 200. Mia mbili tu, nao wamehesabiwa! Darasa likinyamaza, usiharakishe. Kisha rudini 1935, Sheria za Nuremberg za Wanazi, muone Wayahudi wa Ujerumani walivyoondolewa uraia kwa karatasi.