Pointi za duka linaloyumba: zitumike au zisubiri?

SWALI: Nina pointi 4,600 kwenye kadi ya duka ninalonunua kila wiki. Zikifika 5,000 napata vocha ya 5,000. Lakini siku hizi rafu zina mapengo, na inasemekana wasambazaji hawajalipwa. Nisubiri zitimie?

JIBU: Usisubiri, wala usikimbilie kununua ili zitimie. Ikiwa kila 100 unazotumia zinakupa pointi 1, pointi 400 zilizobaki zinadai manunuzi ya 40,000. Kwa duka la aina hiyo, muda wa kuzifikisha huenda usiwepo.

Uliza kesho kaunta kama pointi zinaweza kukatwa kidogo kidogo kwenye risiti. Programu nyingi huruhusu, ila keshia hasemi asipoulizwa. Mwombe asome salio kwenye mashine kabla hajapitisha bidhaa. Chukua vitu visivyoharibika ambavyo ungevinunua tu: sabuni, balbu, betri. Friji au televisheni, hapana, kama dhamana yake ni ya duka na si ya mtengenezaji. Usizigeuze pointi kuwa vocha ya duka hilohilo ukaiweka kabatini. Utakuwa umebadilisha ahadi moja kwa nyingine. Kama zinahamishika kwenda kwa kampuni mshirika, zihamishe mapema, maana uhamisho huweza kuchukua siku kadhaa na ukisimama katikati utahangaika.

Sababu ya haraka hii imo kwenye vigezo na masharti. Tafuta vipengele viwili: kwamba pointi hazina thamani ya fedha taslimu, na kwamba duka linaweza kusitisha programu wakati wowote. Vikiwepo, duka likifilisika huenda usihesabiwe hata kuwa mdai. Na ukihesabiwa, watatangulia benki iliyokopesha kwa dhamana ya mali za duka, gharama za ufilisi na, kwa kawaida, mishahara ya wafanyakazi. Mfilisi, yaani anayesimamia ufilisi, anauza mali apate pesa. Kila pointi anayoipokea ni bidhaa inayotoka mlangoni bila pesa kuingia. Hudson's Bay ya Kanada, kampuni ya tangu 1670, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Machi 2025. Pointi zilisimamishwa, huku kadi za zawadi zikipokewa hadi Aprili 6 tu.

Angalia pia rafu kwa karibu. Pakiti zimepangwa mstari mmoja mbele, nyuma patupu? Ghafla pointi ni mara tatu mwishoni mwa wiki? Hapo huenda duka linatafuta pesa ya leo kwa ahadi ya kesho, na ofa hiyo sisi tungeipita.

SWALI: Duka letu limenunuliwa na mwekezaji mpya. Pointi zangu je?

JIBU: Inategemea alichonunua. Kama ni hisa, kampuni ni ileile na pointi zinabaki, kwa masharti yaleyale yanayoweza kubadilishwa. Kama ni mali tu, yaani majengo, bidhaa na jina, kwa kawaida halazimiki kuzitambua, hata kibao cha nje kisipobadilika. Piga picha ya salio lako sasa, kisha uliza kwa maandishi. Ukishazitumia, omba akaunti ifutwe: orodha ya wateja na namba zao za simu nayo ni mali inayouzika.