Maswali na Majibu: Kukosoa Kizimba cha Bustani ya Wanyama kwa Haki

Wasomaji kadhaa wameniandikia kuuliza namna ya kueleza hadharani kasoro walizoziona katika vizimba vya wanyama, bila kumwonea mtu na bila kuuficha ukweli. Nimeyafupisha maswali yao, na majibu yanafuata.

Nilimwona dubu mweupe akipita njia ile ile mbele ya kioo na kugeuka mahali pale pale bila kupumzika. Je, nina haki ya kuandika kwamba kizimba chake ni kibaya?

Una haki, na kwa maoni yangu una wajibu, wa kuandika ulichokiona. Kukihukumu kizimba ni hatua nyingine, kwa sababu tabia ya kurudiarudia mwendo mmoja huwa na zaidi ya chanzo kimoja. Huenda mnyama anangojea chakula, hasa ikiwa hulishwa saa zile zile kila siku na amekwisha kusikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Huenda aliipata tabia hiyo miaka mingi iliyopita, mahali palipokuwa pabaya zaidi, nayo ikabaki kama kovu hata baada ya kuhamishiwa kwenye makazi bora. Inawezekana pia kwamba kizimba alichomo sasa ndicho kinachomtesa. Wasiwasi wako una msingi: mwaka 2003 watafiti Ros Clubb na Georgia Mason walichapisha katika jarida la Nature uchambuzi ulioonyesha kwamba wanyama wala nyama ambao porini huzunguka katika maeneo mapana ndio wanaoathirika zaidi wakifungwa, kwa kurudiarudia mwendo na kwa vifo vya watoto wao, na dubu mweupe alikuwa miongoni mwa mifano iliyo wazi zaidi.

Kwa hiyo taja saa uliyofika, muda uliokaa, njia aliyoipita na alichokifanya alipoacha, kama aliacha. Kisha waulize wahusika mnyama yuko hapo tangu lini, alitoka wapi na hulishwa wakati gani, na majibu yao uyaweke pamoja na maelezo yako. Mtu aliyemtazama dubu kwa dakika kumi na akakiri wazi kwamba ni dakika kumi tu ananisaidia kuliko yule anayetangaza kwamba mnyama amerukwa na akili. Lawama hupata uzito mkubwa pale watu mbalimbali, waliofika siku na saa tofauti, wanapoeleza jambo lile lile.

Nitajuaje kama kizimba ni kidogo mno?

Anza na mnyama mwenyewe kabla hujafikiria mita za mraba. Heini Hediger, mtaalamu wa wanyama kutoka Uswisi aliyeziongoza bustani za Bern, Basel na Zürich, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1942 kwamba ubora wa nafasi na vitu vilivyomo humgusa mnyama kuliko ukubwa peke yake. Alisisitiza pia kwamba kila mnyama ana umbali ambao akikaribiwa zaidi ya hapo hutaka kukimbia. Akikosa pa kukimbilia, huishi katika hofu. Orangutani huishi mitini, hivyo uwanja mpana usio na kamba wala majukwaa ya juu humfaa kidogo sana. Chui anayetazamwa kutoka pande zote nne ana kizimba kibaya hata kama ni kikubwa, maana hana pa kujificha.

Hata hivyo, hoja ya Hediger imetumiwa mara nyingi kutetea vizimba finyu, na jambo hilo linanikera. Ubora haufuti haja ya nafasi. Mnyama anayehitaji kukimbia hawezi kufidiwa kwa gogo na mpira.

Kizimba kilinipendeza sana, lakini mwenzangu anasema ni kibovu. Nani yuko sahihi?

Huenda nyote wawili mnasema kweli, kwa sababu mnazungumzia mambo mawili. Swali lako linagusa kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika tathmini za vizimba: mwandishi anaeleza jinsi yeye alivyojisikia, kisha anadhani amemzungumzia mnyama.

Historia yenyewe inaeleza kwa nini tunachanganyikiwa. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Ujerumani, alifungua bustani yake Stellingen, karibu na Hamburg, ambako mahandaki yalichukua nafasi ya vyuma na watazamaji waliwaona simba kana kwamba wako huru. Mwishoni mwa miaka ya 1970, bustani ya Woodland Park mjini Seattle iliwaweka gorila katikati ya mimea minene, na mtindo huo wa kumzamisha mgeni ndani ya mandhari ulienea duniani. Katika visa vyote viwili mwonekano ulibadilika sana, na gorila wa Seattle walinufaika kweli. Lakini waigaji wengi walichukua mwonekano peke yake. Mwamba wa saruji uliopakwa rangi unaweza kuwa mzuri machoni pako huku mnyama hawezi kuupanda, kuuchimba wala kupata kivuli chake. Mimea ya kijani inaweza kuwa nyuma ya waya wa umeme, ikawa mali ya watazamaji tu. Bwawa la ngwini la bustani ya London, lililosanifiwa na Berthold Lubetkin na wenzake mwaka 1934, bado linasifiwa na wasanifu kwa njia zake mbili za zege zinazozunguka hewani, lakini ngwini walihamishwa mwaka 2004 na hawakurudishwa humo.

Unapoandika, tenganisha basi aya mbili: moja ya jinsi kizimba kinavyomhudumia mgeni, na nyingine ya kile ambacho mnyama anaweza kukitumia. Katika hiyo ya pili jiulize anakanyaga nini, anapanda wapi, anajificha wapi, anapata wapi jua na kivuli, na kama anaweza kumkwepa mwenzake anayemsumbua. Kwa mijusi na kobe wa nchi kavu wanaofugwa ndani, ongeza swali la taa za mionzi ya urujuanimno (ultraviolet, kama ile ya jua), kwa kuwa wengi wao huihitaji ili miili yao itumie madini ya kalsiamu.

Nina picha tu, sijafika huko. Inatosha?

Kwa uzio uliotoboka au kioo kilichopasuka, inatosha kuuliza swali, mradi tarehe ya picha inajulikana. Kwa hukumu ya jumla haitoshi. Picha haionyeshi vyumba vya ndani, ambako wanyama wengi hulala na wengine hukaa majira yote ya baridi, wala haionyeshi kama kuna uwanja wa pili. Sema wazi kwamba umetumia picha.

Sitaki kuwaumiza watunzaji, lakini pia sitaki kunyamaza. Nifanyeje?

Elekeza ukosoaji kwenye uamuzi, na umtafute aliyeuamua. Mtunzaji anayefagia kizimba hakukichora wala hakupanga bajeti yake, na mara nyingi yeye ndiye aliyekwisha kulalamika kabla yako. Msanifu, mkurugenzi na mmiliki ndio wanaopaswa kuulizwa kwa nini banda jipya lina sakafu ya zege tupu, ilhali inajulikana kwamba sakafu ngumu huumiza nyayo na viungo vya tembo na kwamba mchanga mwingi huwafaa zaidi.

Pendekezo lako litasikilizwa zaidi likitofautisha yanayowezekana wiki ijayo na yanayohitaji ujenzi. Kuning'iniza matawi mabichi juu ili twiga ale kwa kunyoosha shingo, kutawanya chakula ili mnyama akitafute, au kufunika sehemu ya kioo ni kazi za gharama ndogo. Kubomoa ukuta ili kuunganisha vizimba viwili kunahitaji fedha na mpango wa mahali pa kuwaweka wanyama wakati wa kazi. Lakini jibu la kwamba wafanyakazi wanajitahidi lisikunyamazishe: linaeleza juhudi za watu, wala halielezi hali ya mnyama.

Nitumie vigezo gani, maana kila mtu ana rai yake?

Vipo. Mwaka 1994 watafiti wa ustawi wa wanyama David Mellor na Reid walipendekeza mfumo wa nyanja tano, yaani lishe, mazingira, afya, mwenendo, na hali ya akili ya mnyama inayotokana na hizo nne. Mfumo huo, ambao umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, unakuzuia kutoa hukumu kwa jambo moja tu. Kuhusu aina mahususi za wanyama, soma miongozo ya utunzaji inayotolewa na jumuiya ya bustani za wanyama ya Ulaya, EAZA, na ile ya Marekani, AZA; mingi inapatikana wazi. Sheria nayo ina nafasi yake: Umoja wa Ulaya, kwa mfano, una Agizo la 1999/22/EC linalozitaka bustani ziwe na leseni na zikidhi mahitaji ya kila aina ya mnyama. Kutimiza sheria, hata hivyo, ni kiwango cha chini, na una haki ya kudai zaidi ya hapo.

Mimi napinga bustani zote za wanyama. Je, nafaa kutathmini kizimba kimoja?

Unafaa, ukisema msimamo wako mwanzoni. Usitumie kasoro ya kizimba kimoja kama ushahidi dhidi ya vyote, wala usikatae kutaja maboresho kwa kuogopa kuitetea bustani. Anayezipenda bustani anafungwa na sharti hilo hilo kwa upande wake.

Niliandika lawama kali, na baadaye kizimba kikarekebishwa. Niyafute maandishi yangu?

Usiyafute. Ongeza juu kabisa tarehe ya marekebisho na maelezo ya kilichobadilika, pamoja na kile ambacho bado hakijatimizwa, ili msomaji wa kesho asidhani kwamba anasoma habari za leo, na anayesimamia bustani nyingine aone kazi gani hasa ilifanywa.