Jengo la Breuer, New York: mliyouliza

Wasomaji wameuliza kuhusu jengo la 945 Madison Avenue, New York, kazi ya msanifu Marcel Breuer.

Limepita mikononi mwa nani?

Jumba la makumbusho la Whitney lilifungua humo 1966, likahama 2014. Likaja la Metropolitan, 2016 hadi korona ilipofunga milango 2020. Jumba la Frick, nalo la makumbusho, likajihifadhi humo 2021 hadi 2024, kwao kukikarabatiwa. Sasa ni la Sotheby's, kampuni ya minada, iliyofungua humo Novemba 2025.

Mnalisifia nini? Mimi naona ngome tu.

Kwa mbali, nakubali. Granaiti ya kijivu, madirisha ya kuhesabu, kila ghorofa imetokeza kuliko ya chini yake. Lakini sogea. Unavuka daraja dogo la zege juu ya ua uliochimbwa chini ya usawa wa barabara, na ndani unapokewa na dari iliyojaa taa za mviringo. Kuta za zege zimegongwa hadi zikawa na chenga, ilhali kwenye ngazi mkono unateleza juu ya mbao laini. Breuer alijua penye kutaka ukali na penye kutaka upole.

Wapangaji tofauti hivyo waliwezaje kulitumia?

Tazameni dari za kumbi: ni visanduku vidogo vidogo vya zege vilivyopangwa kama sega, na kuta za kuhamishika hufungwa humo popote zinapotakiwa. Chumba kimoja leo, vitano mwezi ujao. Frick walitundika mchoro wa Bellini wa Mtakatifu Fransisko jangwani peke yake, karibu na dirisha moja la pembe za mshazari. Kwangu hakuna aliyelielewa jengo kuliko wao.

Sheria inalinda nini hasa?

Nje lilikuwa tayari ndani ya eneo la kihistoria lililotangazwa 1981. Mei 2025 tume ya jiji ya uhifadhi ikalitangaza lenyewe kuwa jengo la kulindwa, pamoja na ukumbi wa kuingilia na ngazi kuu. Matumizi haiyaamui.

Basi wananchi tumenyang'anywa?

Kuingia kutazama ni bure. Kinachoniuma ni kwamba kazi za mnada hazikai. Picha ya Elisabeth Lederer iliyochorwa na Klimt iliuzwa humo Novemba 2025 kwa dola milioni 236.4, na aliyeikosa siku zile chache za maonyesho huenda asiione tena.