Mwanamke Aliyeketi Kwenye Dinari ya Tiberius

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kukusanya sarafu za fedha za Kirumi, na ya kwanza ni dinari ya Kaisari Tiberius. Upande wa pili ameketi mwanamke asiyetajwa jina. Ni nani, na je, niisugue ing'ae? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, umeanza na sarafu nzuri mno. Upande wa kwanza, Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 baada ya Kristo, amevikwa taji la majani, na maandishi yanayomzunguka yanamtangaza kuwa mwana wa Augustus, Kaisari aliyemtangulia, ambaye alifanywa mungu. Upande wa pili, mwanamke ameshika fimbo ndefu na tawi, huku maneno PONTIF MAXIM yakitaja cheo cha kuhani mkuu alichokuwa nacho Kaisari, wala si jina la mama huyo. Wengi humwona kuwa ni Amani, mungu wa kike wa Warumi, na wengine humtambua kama Livia, mama mzazi wa Tiberius. Mimi naelekea kwa hao wa pili.

Watu wengi huihusisha na dinari aliyoonyeshwa Yesu alipoulizwa habari za kodi, jambo linaloipandisha bei na kuwavuta waghushi. Chunguza ukingo wake kwa kioo cha kukuzia: mstari wa kiungo huashiria kuwa imemiminwa kwenye kalibu, ilhali dinari halisi zilipigwa kwa nyundo.

Nakusihi usiisugue kamwe. Weusi uliotanda kwenye mikunjo ya vazi ndio unaoidhihirisha picha, na mkwaruzo haufutiki.