Boti ya Mwanza imefika Mikindani, mguu unaliwa na injini inachemka

Swali: Fundi, habari za kazi. Nilinunua Mwanza boti ya injini ya petroli ya ndani, ile ambayo mguu wa propela uko nje nyuma, nikaileta Mikindani kubebea wageni hadi Msimbati. Miezi minne haijaisha, rangi ya mguu imefanya malengelenge na chini yake kuna unga mweupe. Nikikimbiza, geji ya joto inapanda. Nikienda taratibu inashuka. Fundi wa hapa anashauri tutoe thamostati. Nifanyeje?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Thamostati, yaani vali inayofunguka maji ya kupoza yakipata joto, msiitoe, nitaeleza sababu. Kwanza tuone mguu, maana huo ndio unaoliwa sasa hivi.

Mguu ni wa aluminiamu, na umeshikana na vyuma vingine kama shafti na propela. Metali tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huzalisha umeme, na ile dhaifu huliwa. Ndiyo maana mguu hufungwa vile vipande ambavyo mafundi tunaviita zinki, viliwe vyenyewe badala yake. Sasa, boti za ziwani kwa kawaida hufungwa vya magnesiamu, kwa kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayapitishi umeme vizuri na yanahitaji metali kali zaidi. Baharini magnesiamu hufanya kazi kupita kiasi: hunyanyua rangi ya mguu, kisha huisha upesi na kuuacha mguu bila kinga. Nina hakika kubwa ndicho kilichokupata.

Funga vipande vya aluminiamu. Zinki halisi nayo inafaa baharini, lakini ukipeleka wageni hadi karibu na mdomo wa mto Ruvuma, kwenye maji ya chumvi yaliyochanganyika na ya mto, aluminiamu ndiyo inayovumilia. Kwangua kinapokaa kipande mpaka metali ing'ae, na kipande chenyewe usikipake rangi. Kikiliwa nusu, badilisha. Rangi ya kuzuia chaza yenye shaba isiguse mguu kabisa.

Joto kupanda ukikimbiza ni dalili kwamba maji ya kupoza hayatoshi. Fungua pampu utazame impela, kile kigurudumu chenye mabawa ya mpira kinachosukuma maji. Siku za bamvua maji yakitoka sana, boti inayoondoka kwenye kina kifupi hufyonza mchanga, na mchanga humaliza yale mabawa ya mpira. Ukikuta bawa limekatika, litafute mpaka ulipate, maana limekwama mahali ndani ya njia ya maji. Weka impela mpya kila mwaka, hata kama ya zamani bado inaonekana nzima.

Kama impela ni nzima, hamia kwenye viwiko vya eksozi, yaani vile vipande vilivyopinda vya njia ya moshi ambamo maji ya kupoza hupita pia. Injini ikinguruma taratibu, weka mkono juu ya kila kimoja. Kinachochoma kuliko mwenzake kimeziba kwa kutu na chumvi. Hapa usibanie pesa: kikitoboka kwa ndani, maji ya bahari huingia kwenye silinda na injini ndiyo basi. Ziwani hudumu miaka mingi. Baharini kagua kila mwaka, na ujiandae kuvibadilisha baada ya miaka 5 hivi.

Kuhusu thamostati, isome namba yake. Injini inayopozwa moja kwa moja na maji ya bahari hutumia ya nyuzi 60 hivi. Ya gari hufunguka kwenye 80 au zaidi, na kwa joto hilo chumvi huganda ndani ya njia za maji. Ukiitoa kabisa, injini haifikii joto la kazi, na petroli isiyoungua huteremka kwenye oili.

Kila ukirudi na kuivuta boti nchi kavu, osha injini kwa ndani. Bana masikio ya mpira, vile vikombe viwili vinavyounganishwa na bomba la maji, kwenye matundu ya maji ya mguu, fungua bomba kwanza, ndipo uwashe. Iache ingurume taratibu dakika 10 hadi 15, thamostati ifunguke na maji yapite kwenye bloku yote, yaani mwili wa injini. Onja maji hayo kabla: ya kisima cha pwani chenye chumvi hayafai.

Oili ya gia ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Badilisha sili, yaani mipira inayozuia maji kuingia, kabla ya kutoka tena.

Jingine hukuliuliza, lakini unabeba watu. Kati ya mguu na boti kuna mpira wa mikunjo. Ukichanika, bahari inaingia ndani moja kwa moja, na boti inaweza kuzama usiku ikiwa nangani. Geuza mguu kulia na kushoto, panua kila mkunjo kwa vidole, tazama mipasuko na chaza waliojibanza humo. Ukiona ufa, hata mdogo, usipakie mgeni yeyote mpaka umefunga mpya.