DTB ya zamani na kerneli mpya: fundi kakudanganya nusu

Mkuu, umesema umepandisha kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) kwenda toleo jipya kwenye bodi yako ya ARM, mtandao ukafa, na fundi akakwambia "DTB imezeeka, tafuta mpya". Mimi nimepita hapo hapo.

DTB haizeeki. Ni faili ya maelezo tu ya vifaa vya bodi (device tree blob), ambayo kerneli huisoma inapowaka: UART (mlango wa serial) iko anwani gani, chipu ya mtandao imeungwa vipi. Kama bodi ni ile ile, maelezo yabadilike kwa nini? Ndiyo maana makubaliano ya waandishi wa kerneli ni kwamba kerneli mpya iikubali DTB ya zamani. DTB mpya kwenye kerneli ya zamani hakuna aliyekuahidi, ukikwama ni shauri yako.

Sasa yaliyonikuta. Bodi ya kiwandani, prosesa AM335x, chipu ya mtandao ya Atheros AR803x. Kwenye kerneli 4.19 haikuwahi kusumbua. Nikaipeleka 5.4: taa za pale kwenye waya zinawaka, kasi inaonekana, IP haipatikani. Nikabadilisha waya, nikabadilisha swichi, nikamshuku hadi aliyefunga umeme (samahani yake). Siku mbili!

Kumbe ni mstari mmoja wa DTB, phy-mode (PHY ndiyo hiyo chipu ya mtandao). Kwenye RGMII (njia inayounganisha prosesa na chipu hiyo) lazima mtu acheleweshe saa ya data kwa karibu nanosekunde 2, na mstari huo ndio unaosema chipu icheleweshe upande gani. DTB yangu iliandikwa "rgmii-txid", yaani upande wa kutuma peke yake, wakati bodi ilihitaji pande zote mbili. Chipu hiyo ikiwaka huwa tayari inachelewesha upande wa kupokea, na draiva ya zamani (programu ya kerneli inayoendesha chipu) haikuwa inauzima ucheleweshaji huo. Kuanzia 5.1, mwaka 2019, draiva ikaanza kutii kilichoandikwa. Maelezo yalikuwa na kosa tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyekuwa anayasoma.

Kwangu mimi draiva ilirekebishwa kwa haki, lakini wangeanza na onyo kwenye dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli) kwa matoleo mawili matatu. Bodi nyingine zimefungwa juu ya minara, nani atapanda?

Dawa: fungua DTB kwa dtc -I dtb -O dts, weka "rgmii-id", ijenge tena. Dakika tano.

Na si kila kitu ni DTB. Kwenye bodi hizo hizo draiva ya UART ilibadilika, jina la mlango ttyO0 likawa ttyS0. Kerneli inaweza kukurekebishia console (mahali ujumbe wake unapotokea) yenyewe, lakini getty (programu inayoleta login) unabadilisha mwenyewe. Ukiona ujumbe wa kuwaka unapita halafu login haiji, anzia hapo.

Kabla hujapakua chochote, angalia DTB inayotumika kweli, maana bootiloda (programu inayoiwasha kerneli) inaweza kuwa inasoma nyingine kabisa, si hiyo unayoiona kwenye /boot:

find /proc/device-tree/ -name phy-mode -exec cat {} \;

Weka majibu hapa, pamoja na mistari ya dmesg inayotaja PHY na jina la chipu yako.